Karatasi Ambayo Padri Hakuiandika

Baba yangu alinipeleka shule ya misheni kwa sababu ya barabara. Nalisema hilo mapema kwa kuwa walimu vijana wanaokuja kunisalimia baada ya misa ya Jumapili wana hadithi yao tayari. Wao wanadhani baba alikuwa mtu wa kuona mbali, aliyetaka binti yake ajue kusoma wakati wenzake walikuwa wanahesabu ng'ombe wa mahari. Huniambia, "Bibi, wewe ulibahatika. Ulifundishwa na masista wenyewe." Mimi huwakaribisha uji, nao wakishaunywa wanakwenda zao na hadithi yao vilevile walivyokuja nayo.

Baba hakujua shule ni kitu gani. Alichojua ni barabara.

Wadachi, yaani Wajerumani, walikuwa wanapanua njia ya kutoka Dodoma kwenda Kondoa, na ilipita si mbali na kwetu, upande wa Chemba. Kila mwaka mavuno yakishaingia ghalani, jumbe wetu alitakiwa kutoa wanaume wa kung'oa visiki na kushindilia udongo. Baba alikwenda mara mbili. Mara ya pili alirudi amepigwa viboko ishirini na tano kwa kosa la kukaa chini kabla msimamizi hajasema watu wakae. Alilala kifudifudi siku nyingi, na mama alimpaka siagi mgongoni. Mimi nilikuwa mtoto wa kushika kibuyu cha siagi. Nilikuwa nimeanza kuota meno ya ukubwani, basi nadhani nilikuwa na miaka saba, au minane.

Baba alikuwa bado analala kifudifudi alipofika mjomba, kaka yake mama. Alikuwa ametoka Kondoa kuchukua mizigo ya mfanyabiashara mmoja, na njiani walilala karibu na misheni ya mapadri. Asubuhi askari walipita wakikusanya watu wa kazi. Walichukua wanaume wa vijiji viwili vya jirani, lakini wale waliokuwa wanafyatua matofali ndani ya ua wa misheni hawakuguswa.

"Hata kuulizwa hawakuulizwa," mjomba alisema. "Nimeona kwa macho yangu."

"Wana dawa gani?" baba aliuliza.

"Wana watoto wao kwa padri. Ukimpa mtoto, anakuandikia karatasi. Askari akiiona karatasi anapita."

Mjomba hakuwa mwongo. Aliona kweli wanaume wasioguswa, akaona na watoto wanaimba chini ya banda, na katikati ya mambo hayo mawili akaweka karatasi. Miaka mingi baadaye nilikuja kujua kwamba wale walikuwa vibarua wanaoishi kwenye ardhi ya misheni, na padri alikuwa amewaombea bomani waachwe hadi kanisa limalizike. Kwa watu wa nje hapakuwa na karatasi yoyote, wala hapakuwahi kuwa nayo.

Nilikuwa na kaka wawili. Hao hawakufikiriwa hata kidogo, maana walikuwa wanachunga. Binti wa umri wangu alikuwa hajafikia kazi ya maana, na mahari yake ilikuwa mbali. Leo watu wanasikitika kwamba zamani wasichana waliachwa nyumbani na wavulana wakapelekwa shule. Kwetu ilikuwa kinyume. Nilipelekwa mimi kwa kuwa ndama wasingehangaika nikiondoka.

Mama alikataa. Hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini kwa siku tatu alisema jambo moja tu. Alikuwa amesikia kisimani kwamba padri humwagia mtoto maji kichwani, na maji hayo yakishakauka mtoto hamjui tena mama yake. Baba akamwambia hayo ni maneno ya wanawake. Mama akashika mgongo wa baba, ambao mwenyewe hakuweza kuuona, akauchora kwa kidole mstari kwa mstari, akasema, "Na haya ni maneno ya nani? Sikatai kwamba yanauma. Nasema mtoto wangu asiwe dawa yake."

Siku ya nne mama alininyoa nywele, akanipaka mafuta, akanifunga ngozi mpya ya mbuzi. Alikuwa amekubali, lakini hakutusindikiza hata hadi kwenye boma la miiba.

Tulitembea siku mbili. Misheni ilikuwa juu ya kilima kidogo, nyumba ndefu ya matofali yaliyochomwa na kanisa lisilo na paa. Wa kwanza kutupokea alikuwa sista mmoja mwembamba, amevaa nguo nyeupe kutoka kichwani hadi miguuni, akasema, "Tumsifu Yesu Kristo." Baba alidhani ndiyo salamu ya Wadachi, akaitika kwa salamu ya Kigogo. Walikuwapo masista wengine watatu. Baba aliwatazama, akamtazama padri alipotokea, mzee mwenye ndevu, akaninong'oneza kwamba mtu huyu ana wake wanne na hana mtoto hata mmoja, ndiyo maana anatafuta watoto wa watu. Alimwonea huruma kabisa. Kwetu watu waliendelea kuamini hivyo mpaka vita vilipoisha, na sikuweza kumshawishi hata mmoja kwamba masista hawakuwa wake wa mtu.

Mazungumzo yalipita kwa mwalimu wa dini. Alikuwa mtu wa pwani, amelelewa na misheni ya Bagamoyo, mrefu, mwenye kanzu safi na sauti ya kuongoza nyimbo. Kigogo alikijua cha kuunga. Baba alisema habari yake kwa utaratibu, kama anavyosema mtu barazani. Alieleza barabara, akaeleza kiboko, akasema amemleta mtoto kwa moyo mmoja na sasa anaomba karatasi. Mwalimu alisikiliza hadi mwisho. Kisha alimgeukia padri akasema maneno machache sana kwa Kiswahili. Padri alitabasamu, akaweka mkono juu ya kichwa changu kilichonyolewa, akasema jambo.

"Padri anashukuru," mwalimu alitafsiri. "Anasema mtoto ataangaliwa, na wewe usiwe na wasiwasi."

"Na karatasi?"

"Amesema usiwe na wasiwasi."

Baba aliridhika. Mtu mkubwa akikuambia usiwe na wasiwasi, huwezi kumuuliza mara ya pili. Alilala kwenye banda la wageni, na asubuhi alikuwa ameondoka.

Sasa niseme kuhusu maisha ya pale, kwa sababu hapo ndipo watu wanapokosea zaidi, waliokuwa nje wakati ule na wanaosimulia leo. Kwetu walisema tunakula nyama kila siku na kulala juu ya vitanda vya chuma. Binamu yangu mmoja alipokuja kuniona alinifungua mdomo aone kama meno yamebadilika kwa nyama hiyo. Tulikula ugali wa mtama na maharage, na siku za Jumatano na Ijumaa ugali na mlenda. Nyama ilikuwa Pasaka na Noeli. Maziwa, ambayo nyumbani nilikunywa hadi nikayachoka, sikuyaona, kwa sababu ng'ombe wa misheni walikuwa wachache na maziwa yao yalikuwa ya wagonjwa na ya mapadri. Nililala juu ya mkeka na wasichana wengine kumi na mmoja. Baridi ya mwezi wa saba ya nyanda zetu wanaoijua wanaijua. Nyumbani tulilala ndani ya tembe pamoja na ndama, na pumzi ya ndama ni moto mzuri.

Walimu wa siku hizi wanadhani tulishinda na vitabu. Kusoma kulikuwa asubuhi, tangu baada ya misa hadi jua liwe juu kidogo. Baada ya hapo tulilima shamba la misheni, tulichota maji bondeni, na kwa miaka mitatu mfululizo tulibeba matofali. Matofali ya ukuta ule wa kusini wa kanisa nimeyabeba mimi, mawili mawili, juu ya kata ya nyasi. Nikipita pale na wageni, husikia wakisema mapadri walijenga.

Wanasema pia kwamba tulijua Kidachi. Hatukufundishwa. Tulifundishwa kwa Kiswahili, lugha ambayo ilikuwa ngeni kwangu sawasawa na Kidachi. Kidachi tulichopewa kilikuwa wimbo mmoja wa siku ya kuzaliwa ya Kaizari. Tulipangwa mstari mbele ya bwana mmoja wa boma aliyekuja juu ya punda, tukaimba, naye akalia machozi. Sijui mpaka leo tulikuwa tunasema nini.

Kuna jambo moja lazima niliseme kwa haki. Wapo wanaodhani tulikuwa tunapigwa kutwa, na mimi ningeona raha kukubali, ila si kweli kwa wote. Mwalimu wa dini alipiga. Yule sista mwembamba aliyetupokea hakuwahi kuinua mkono. Ndiye aliyenifundisha kusoma. Aliweka kidole chake chini ya herufi na kungoja, hata kama ningechelewa namna gani, na mkono wake ulinukia sabuni na dawa ya kikohozi. Alikohoa sana. Nilimpenda, na kumpenda kwangu ndiko kulikoniletea balaa kubwa kuliko fimbo zote za mwalimu. Mtu anayekupiga unaweza kumdanganya bila shida.

Siku moja msichana mwenzangu alivunja mtungi, nami nikasema ni mimi, kwa kuwa yeye alikuwa ameshapigwa jana yake. Sista aligundua. Aliniita pembeni.

"Umesema uongo," aliniambia.

"Nilitaka asipigwe, sista."

"Najua. Ulikuwa na huruma. Lakini uongo ni uongo, hata ukisemwa kwa kumwokoa mtu. Mungu ndiye anayeokoa. Wewe sema kweli, yeye atafanya kazi yake."

"Na asipoifanya?"

"Ataifanya," alisema, na macho yake yalikuwa ya mtu anayeamini kabisa. Sijawahi kumwona tena mtu mwenye macho kama yale, na niliyaamini macho kuliko maneno. Mwezi uliofuata nilibatizwa. Maji yalikuwa baridi, na yalipokauka nilikuwa namkumbuka mama yangu vizuri tu.

Sista alifariki mwaka uliofuata, kabla ya mvua. Tulimzika nyuma ya kanisa.

Nyumbani niliruhusiwa kwenda mara moja kwa mwaka, wakati wa mavuno. Kila nilipokwenda nilimkuta baba amenenepa. Jumbe wetu naye alikuwa amesikia habari ya mjomba, na baba alikuwa amemwambia mwenyewe, bila kusita, kwamba mtoto wake yuko kwa padri na padri amesema asiwe na wasiwasi. Jumbe alikuwa mtu mwoga. Aliogopa boma, aliogopa padri, aliogopa kitu chochote kilichohusika na karatasi. Kazi ya barabara ikija, alimruka baba na kuchukua mwingine. Ilikwenda hivyo miaka minne, mitano. Karatasi isiyokuwapo ilimlinda baba, na kadiri ninavyoelewa ingeendelea kumlinda.

Wengine waliona. Wanaume wawili wa vijiji vya jirani walipeleka watoto wao misheni kwa sababu hiyo, na mwalimu wa dini aliwapokea kwa maneno yaleyale.

Kisha vikaja vita vya Wadachi na Waingereza. Mwanzoni vilikuwa mbali, habari za Moshi na za mipakani. Baadaye boma lilianza kutaka ng'ombe, kisha nafaka, kisha watu wa kuchukua mizigo ya jeshi. Mtu wa barabara alirudi, hata kama alirudi na mgongo ulioharibika. Mpagazi wa jeshi ilikuwa habari nyingine, na kila mtu alishaanza kujua hivyo.

Nilikuwa nyumbani kwa mavuno siku tarishi alipopita na barua. Hakukaa hata kunywa maji, alikuwa na barua nyingine za kupeleka mbele. Kwa kawaida karani wa akida ndiye aliyekuja kumsomea jumbe, lakini karani alikuwa ameugua homa na hakuna aliyejua atapona lini. Jumbe aliishika barua ile kama mtu anayeshika nyoka aliyekufa, hana uhakika. Mtu mmoja akasema, "Kwani binti wa fulani hasomi?"

Walikuja kuniita. Mama alikuwa anapepeta, akaniambia nisiende. Baba akasema niende. Alikuwa na fahari. Alitembea mbele yangu hadi kwa jumbe na kuwaambia watu wapishe.

Walikuwapo wanaume thelathini hivi, wamekaa chini. Jumbe alinipa barua. Mwandiko ulikuwa mzuri, wa karani wa boma aliyesoma Tanga, na Kiswahili chake kilikuwa chepesi. Niliipitia kwanza kwa macho, kama sista alivyonifundisha, kisha kwa sauti. Nilikuwa nasoma mstari kwa Kiswahili na kuufasiri kwa Kigogo. Ilisema jumbe atoe wanaume kumi na wawili wenye nguvu, wafike bomani Kondoa kabla ya mwezi kuandama, kila mmoja na chakula cha siku tatu. Ilisema asipowaleta atafungwa yeye.

Chini kabisa palikuwa na mstari mmoja zaidi. Nilikuwa nimeuona tangu mwanzo. Ulisema: mtu asiachwe kwa kusema kwamba ni mtu wa misheni, maana watu wengi wanadanganya hivyo, na boma halina habari ya ruhusa hiyo.

Nataka ieleweke kwamba nilikuwa na nafasi. Hapakuwa na mtu mwingine pale aliyejua hata herufi moja. Ningeikunja barua pale pale na kusema imeisha. Au ningesema kinyume chake, kwamba watu wa misheni waachwe, na jumbe angepumua, maana alitaka sababu. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu au kumi na minne, sikuwa mtoto wa kutoelewa. Niliwaza hayo yote. Lakini nilimwona sista na kidole chake chini ya herufi, ananingoja.

Nikausoma.

Kisha baba akasema, kwa sauti ya kawaida, "Soma tena hapo mwisho."

Nilisoma tena.

"Umesoma vizuri? Hayo maandishi yao huenda yana maana mbili."

"Nimesoma vizuri, baba."

"Hakuna kilichoandikwa kuhusu padri? Kwamba amesema?"

"Hakuna."

Alinitazama. Nimejaribu maisha yangu yote kusema yale macho yalikuwa ya namna gani, na sijaweza. Hayakuwa ya hasira. Nadhani alikuwa ananingoja nigeuze, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kurekebisha kauli mbele za watu. Nilishika barua kwa mikono miwili, sikugeuza kitu. Wanaume ambao kwa miaka mitano walikwenda barabarani kwa zamu yake walianza kusogea, na mmoja akasema taratibu, "Basi wa kwanza huyu." Jumbe hakuwa na la kufanya. Hata angependa, watu walikuwa wamesikia.

Wale kumi na wawili waliondoka baada ya siku nne. Baba alinipa mkono kama mgeni. "Umefanya ulivyofundishwa," aliniambia. Sijui kama lilikuwa lawama au lilikuwa shukrani, na sikuthubutu kuuliza.

Nilirudi misheni siku hiyohiyo, bila kungoja mtu wa kunisindikiza, nikalala njiani kwa watu nisiowajua. Nilikwenda moja kwa moja kwa padri. Sasa nilikuwa najua Kiswahili, sikuhitaji mkalimani. Nilimwambia baba yangu amechukuliwa, na nimekuja kuchukua karatasi yake, ile aliyoahidiwa siku aliyonileta.

Padri alikuwa amezeeka na vita vilikuwa vimemkondesha. Hakunielewa. Nilimweleza tena tangu mwanzo, barabara na viboko na mjomba. Aliketi.

"Mwanangu," alisema, "baba yako hakuniomba karatasi. Niliambiwa anataka mtoto wake ajue dini. Nilifurahi sana siku ile. Nakumbuka, kwa sababu kabla yake hakuna Mgogo aliyekuja mwenyewe kwa jambo hilo."

"Sasa umejua. Andika sasa."

"Siwezi. Hata vibarua wangu wamechukuliwa wiki iliyopita. Nikiandika, watacheka na kuichana."

"Andika, wachane wao."

Hakuandika. Aliniambia atamwombea katika misa, na najua alimwombea. Nilipotoka nilimtafuta mwalimu wa dini. Alikuwa sakristia, anakunja nguo za misa. Nilimuuliza kwa Kiswahili chake alichonifundisha mwenyewe: siku ile baba aliposema maneno yote yale, wewe ulimwambia padri nini?

Hakujifanya amesahau. Aliendelea kukunja hadi akamaliza ile aliyoishika.

"Nilimwambia baba yako anataka usome dini," alisema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ningesema kweli, padri angesema hana karatasi, na baba yako angekurudisha. Miaka miwili nilikuwa hapa bila kupata mtoto hata mmoja kutoka kwenu. Padri aliniuliza kila wiki. Niliona afadhali uingie kwa mlango wowote."

"Ulisema uongo."

"Nilisema."

"Na Mungu?"

"Nimeungama zamani," alisema mwalimu wa dini. "Nimesamehewa."

Alikuwa anasema kweli, na hilo ndilo lililonichoma. Yeye alikuwa amedanganya ili kumpatia padri mtoto, akapiga magoti, akainuka mwepesi. Mimi nilisema kweli, na hapakuwa na kitu cha kuungama.

Waliorudi katika wale kumi na wawili walikuwa watatu. Mmoja wao alikuja kwetu baada ya Waingereza kuishika Dodoma, akakaa mlangoni na kusimulia kwa ufupi. Walibebeshwa mizigo hadi kusini, nchi ya mvua na mianzi, ambako watu wetu wa nyanda kavu hawakuzoea hali ya hewa wala chakula cha wali usioiva. Baba aliharisha kwa siku saba, akafa. Waliomwacha chini ya mti walikuwa wanaswagwa mbele kwa viboko, hawakuweza kumfukia.

Mama alisikiliza hadi mwisho, akamshukuru mtu yule, akampa kibuyu cha maziwa. Alipokwisha kuondoka ndipo alipozungumza nami. Hakunipigia kelele. Aliniambia sasa amejua kwamba maneno ya kisimani yalikuwa ya kweli, ila watu hawakuyaelewa vizuri. Maji hayamfanyi mtoto asahau sura ya mama wala njia ya nyumbani. Yanamfanya asijue tena nani ni wake na nani si wake, hata akaweza kusimama mbele ya watu na kumsoma baba yake kama anayemsoma mgeni.

Nilimwambia si kweli. Alisema, "Basi niambie ilikuwa nini."

Niliishi naye miaka tisa baada ya hapo. Nilirudi kwake kwa hiari yangu, nikalima shamba lake na kukama ng'ombe wachache waliobaki baada ya vita na njaa. Alikula nilichopika. Aliniuguza nilipougua. Lakini hakuwahi kunipa kitu nisome. Risiti za kodi, barua za kaka yangu aliyekwenda kufanya kazi ya reli Tabora, zote alikwenda nazo kwa mtoto aliyesoma wa kijiji cha jirani, mwendo wa saa nzima, na kurudi na habari ambayo mara nyingi ilikuwa imekosewa. Niliona kwamba imekosewa kwa sababu barua ilikuwa juu ya mtungi na niliweza kuisoma nikiwa nimesimama. Sikumsahihisha.

Watu wanaamini pia kwamba sisi wa misheni tuliacha ya kwetu yote, kwamba padri akisema tuliitika. Mama alipokaribia kufa aliniagiza nimzike kando ya zizi, ndani ya ngozi ya ng'ombe, bila msalaba na bila mtu wa kanisa kusema neno. Nilifanya hivyo. Nilimshona mwenyewe ndani ya ngozi, kwa mshono niliofundishwa na sista. Padri mpya, kijana aliyekuja baada ya vita, alininyima komunyo miezi mitatu kwa kushiriki mazishi ya kipagani, akasema nikiungama atanirudishia.

Sikuungama; miezi mitatu niliketi benchi la nyuma, wenzangu wakipita mbele kupokea. Ilipoisha alinirudishia mwenyewe bila mimi kuungama, nadhani kwa aibu, kwa kuwa watu walianza kuuliza. Mwalimu wa dini alikuwa bado anaongoza nyimbo. Alikuwa amekwisha kuota mvi, na sauti yake ilikuwa nzuri kama zamani.